Zawadi na Deni Baina ya Ndugu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dundori



Halmashauri imetupa kazi ya kunena mbele yenu juu ya jambo lisilopendeza kunenwa hadharani, nalo ni mtu kupokea barua ya wakili kutoka kwa ndugu yake wa damu, akidaiwa fedha ambazo yeye alizipokea kuwa ni zawadi. Tungalipenda kunena juu ya mbegu za viazi au bei ya maziwa, mambo ambayo mkutano huu huyafurahia zaidi. Lakini chama hiki ni umoja wa watu wake, na hatujui kitu kiulacho umoja huo upesi kuliko fedha iliyotoka mkononi mwa ndugu bila ya kupewa jina.

Hatutamtaja mtu. Tutaweka mfano, na mfano huu haumhusu yeyote aliyeketi hapa, ijapokuwa huenda wengine wakajiona wamo ndani yake.

Tuseme yuko mkulima hapa Dundori, mtu wa ekari mbili na nusu, alimaye viazi, kabichi na njegere, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Ana kaka yake mkubwa afanyaye kazi Marekani. Mwaka 2016 kaka alituma shilingi 50,000 za karo ya mtoto. Mwanzoni mwa mwaka 2018 akatuma shilingi 120,000, akasema katika simu, "Nunua ng'ombe, watoto wasikose maziwa." Mwaka 2021 mdogo mtu alikuwa akijenga nyumba na paa halijatimia. Akamwandikia kaka yake ujumbe: "Nikopeshe 250,000 nimalize paa, nitarudisha tukiuza viazi." Kaka akatuma. Viazi vikauzwa msimu wa kwanza, vikauzwa na msimu wa pili. Fedha haikurudi, wala kaka hakuiulizia. Mwaka 2023 baba yao akafariki. Baada ya matanga pakatokea maneno juu ya mpaka wa shamba, na ndugu hao wakaacha kusalimiana. Katikati ya mwaka 2025 ikaja barua kutoka kwa wakili wa mjini: lipa shilingi 420,000 pamoja na riba katika siku saba, ama utashtakiwa.

Angalieni hesabu ya miaka. Kwa miaka mingi hakuna aliyelitaja neno deni kuhusu karo na ng'ombe. Deni hilo lilizaliwa siku ya ugomvi wa mpaka. Hatusemi haya kwa kumlaumu kaka, maana naye ana uchungu wake: amefanya kazi usiku na mchana katika nchi ya baridi, na amerudi kumzika baba akakuta mpaka umesogezwa, au amedhani umesogezwa. Ila ndivyo yalivyo aghalabu mashauri ya namna hii. Fedha ni fimbo tu, na kinachogombewa ni kitu kingine. Kwa sababu hiyo, ndugu wa namna hii wakija mbele ya wazee, swali la kwanza lisiwe "Ulipokea kiasi gani?" bali liwe "Mligombana nini, na lini?"

Wazee wetu wa zamani hawakuchanganya mambo haya. Miongoni mwa Wagikuyu, mwenye mbuzi wengi aliweza kumpa rafiki yake baadhi yao awatunze, desturi iitwayo kũhithia. Aliyetunza alipata faida yake, lakini hakuweza kusimama na kusema kwamba mbuzi ni wake, kwa kuwa watu walijua. Mkopo nao uliitwa thiiri, na mtu hakuuficha. Hata leo akina mama wanayo matega, ambayo kila aletacho mtu huandikwa katika daftari, ili siku yake itakapofika naye arudishiwe kwa kadiri. Hiyo ni zawadi yenye kumbukumbu. Asiyerudisha huonekana hana adabu, lakini hapelekwi kortini.

Jirani zetu Waislamu wa Nakuru wana sheria yao ya hiba, nayo yataka mambo matatu: mtoaji atamke, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe. Kwa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani, hiba ikishakabidhiwa mtoaji hawezi kuirudia, ila mzazi kwa mtoto wake. Twataja haya ili ionekane kwamba neno "nilikupa, sasa nirudishie" limewashughulisha watu wa kila namna.

Na wazee walioingia katika mashamba haya ya makazi kuanzia miaka ya 1960 wanajua vizuri sana mkopo ni kitu gani. Walikopeshwa na serikali fedha za ardhi, wakapewa karatasi, wakaandikiwa kiasi na siku za kulipa, na walipochelewa walikumbushwa kwa maneno makali. Hakuna hata mzee mmoja aliyedhani kuwa ile ilikuwa zawadi. Basi tofauti ya mkopo na zawadi si jambo geni kwetu. Geni ni hii simu ya mkononi, ambayo tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 imekuwa ikipitisha karo, mkopo, mchango wa harusi na sadaka ya msiba katika njia moja, na karatasi yake haisemi zaidi ya jina, kiasi na saa.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya mikataba ya Kenya inafuata ile ya Uingereza, na katika sheria ya Uingereza yako mashauri yanayosomwa na mawakili wetu hata leo. Mwaka 1919 liliamuliwa shauri la Balfour. Bwana huyo alikuwa na kazi Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka, na mkewe akabaki Uingereza kwa ajili ya afya yake. Mume aliahidi kumpelekea pauni 30 kila mwezi. Baadaye wakaachana, mke akamshtaki kwa ajili ya ahadi ile. Mahakama ya Rufani ikakataa, ikisema kwamba mapatano ya nyumbani kwa kawaida hayafanywi kwa nia ya kupelekana mahakamani. Shauri lingine ni la mama na binti, liitwalo Jones na Padavatton, lililoripotiwa mwaka 1969. Mama wa Trinidad alimwahidi binti yake dola 200 kwa mwezi iwapo ataacha kazi yake Washington aende London kusomea uwakili. Hata dola zenyewe hawakuzielewa sawasawa: binti alidhani ni za Marekani, mama alikusudia za visiwani kwao. Walipogombana juu ya nyumba aliyokaa binti, mahakama ikasema kwamba yale yalikuwa mapatano ya kifamilia yaliyosimama juu ya kuaminiana, wala si mkataba wa sheria.

Twaona wengine wenu mmeanza kutabasamu. Ngojeni kwanza. Mwaka 1970 mahakama ile ile ilitoa uamuzi mwingine katika shauri la Merritt. Mume na mke walikuwa wamekwisha kutengana, wakaketi ndani ya gari, mume akaandika katika karatasi kwamba mke akimaliza kulipia nyumba, ataiandika kwa jina lake, kisha akatia sahihi. Mahakama ikamshika kwa karatasi yake. Basi undugu hauondoi deni. Unachofanya ni kumfanya hakimu aulize: je, watu hawa walikusudia kufungana kwa sheria, au walikuwa wakisaidiana kama ndugu wasaidianavyo?

Na ni nani atakayethibitisha? Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya chasema kwamba anayetaka mahakama imhukumie haki kwa msingi wa jambo fulani, ni juu yake kuthibitisha kwamba jambo hilo lipo. Kwa hiyo kaka asemaye "nilikopesha" ndiye apasaye kuonyesha mkopo. Lakini hapa kuna shimo ambalo wengi wametumbukia. Liko shauri la mwaka 1968, la Seldon na Davidson, ambalo mtu mmoja alipewa fedha akanunua nyumba, na alipodaiwa akajibu kwamba zilikuwa zawadi. Mahakama ya Uingereza ikasema kwamba maadamu amekiri kuzipokea, na maadamu aliyetoa na aliyepokea si mzazi na mtoto, wala hapana jambo jingine la kuonyesha ukarimu, ni juu yake yeye kueleza ni kwa nini asizirudishe. Mahakama zetu hazilazimiki kufuata kila neno la mahakama ya London, lakini wakili mwerevu atalisoma shauri hilo mbele ya hakimu. Basi asidanganyike mtu akaenda mahakamani kukaa kimya huku akisema moyoni, "Na athibitishe yeye." Aende na maneno yake, na watu wake, na karatasi zake.

Maneno hayo hutoka wapi? Hutoka katika siku ile ile fedha ilipotolewa. Mtu akisema "nunua ng'ombe, watoto wasikose maziwa," hiyo si lugha ya mkopeshaji. Mkopeshaji hutaja siku ya kurudisha. Tena hakimu hutazama kama mtoaji aliwahi kuwapa na ndugu wengine kwa namna hiyo hiyo. Kama fedha ilitolewa wakati wa harusi, au ugonjwa, au kufungua shule. Kama miaka ilipita bila ya neno. Kukaa kimya peke yake hakufuti deni. Lakini kimya cha miaka tisa kutoka kwa mtu apigaye simu kila Jumapili ni ushahidi wenye uzito wake.

Ujumbe wa simu nao ni ushahidi. Sheria yetu ya Ushahidi inaukubali, mradi utolewe kwa utaratibu wake pamoja na cheti cha kuonyesha ulivyohifadhiwa na ulivyochapwa. Kwa hiyo msifute ujumbe wa zamani kwa kuona haya au kwa hasira. Yuko mtu aliyefuta mazungumzo yote ya kaka yake siku ile walipogombana, na kumbe ndani yake ndimo lilimokuwa neno "zawadi" kwa herufi zilizo wazi.

Kisha kuna muda. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, dai litokalo katika mkataba halipelekwi mahakamani baada ya miaka sita tangu haki ya kudai ilipoanza. Katika mfano wetu, shilingi 50,000 za mwaka 2016 na shilingi 120,000 za mwanzo wa mwaka 2018 zilikuwa zimekwisha kupita miaka hiyo ilipoandikwa barua ya mwaka 2025, hata tukijalia kwamba zilikuwa mkopo wa kudaiwa tangu siku zilipotolewa. Shilingi 250,000 za mwaka 2021 hazijapita. Na jueni kwamba barua ya wakili haisimamishi muda. Kinachousimamisha ni kufungua shauri.

Tega sikio hapa, mwanachama, kwa kuwa jambo hili limewaumiza watu wema kuliko wabaya. Muda huo waweza kuanza upya. Ukiandika na kutia sahihi kwamba wadaiwa, au ukilipa sehemu ya deni, sheria huhesabu miaka sita tangu siku hiyo. Mtu mpole, atakaye amani, humtumia kaka yake shilingi 5,000 "ili maneno yaishe". Hapo maneno hayaishi, yameanza. Wakili atasema, "Kama hukuwa na deni, ulikuwa ukilipa nini?" Ukitaka kumpa ndugu yako kitu kwa ajili ya mapatano, mpe, ila iandikwe wazi kwamba watoa kwa ajili ya amani wala hukiri deni lolote, na shahidi awepo.

Sasa, mkulima wetu ajibu nini? Wako watakaomshauri akane zote 420,000, kwa kuwa barua yenyewe imechanganya karo na paa. Sisi hatumshauri hivyo, na hapa twasema bila ya kuuma maneno. Fedha ya paa aliikopa. Ameandika kwa kidole chake mwenyewe "nikopeshe" na "nitarudisha". Akiikana hiyo, hakimu hatamsadiki hata atakaposema kweli juu ya ng'ombe. Tena, tukiacha mahakama, mtu aliyeezekewa nyumba kwa fedha ya mkopo hawezi kuketi chini ya paa hilo akasema hadaiwi. Waswahili husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga hayo hayana budi kukaliwa.

Basi ajibu kwa kuzitenganisha fedha tatu, na ajibu kabla ya zile siku saba kwisha, kwa maandishi, na nakala abaki nayo. Tumeandika hapa jibu la namna hiyo, ili atakaye alinakili na kubadilisha yampasayo:

"Bwana Wakili, nimepokea barua yako. Shilingi 50,000 za mwaka 2016 zilitolewa na kaka yangu kwa karo ya mtoto, na shilingi 120,000 za mwaka 2018 kwa kununua ng'ombe. Zote mbili zilikuwa zawadi. Sikuzikopa wala hatukuagana zirudishwe, nami nakana kwamba ni deni. Hata kama zingekuwa deni, muda wa sheria wa kuzidai umekwisha. Shilingi 250,000 za mwaka 2021 nilizikopa, nami niko tayari kuzilipa kwa mafungu tutakayopatana. Hatukuagana juu ya riba. Malipo yoyote nitakayofanya ni ya hizo shilingi 250,000 peke yake. Naomba tukutane mbele ya wazee wa ukoo au msuluhishi tutakayemkubali sote wawili."

Sentensi ile ya malipo yoyote kuwa ya deni moja tu si pambo. Ndiyo kufuli. Pasipo hiyo, kila shilingi atakayotuma yaweza kuhesabiwa kuwa ni malipo ya ng'ombe wa mwaka 2018.

Yako makosa mawili ambayo watu huyafanya wapokeapo barua. La kwanza ni hofu. Barua ya wakili si hukumu, na siku saba zake si amri ya mahakama. Wala kudaiwa si kosa la jinai. Polisi hana kazi ya kukusanya deni baina ya ndugu, wala chifu hana mamlaka ya kushika hati ya shamba au kuchukua ng'ombe zizini kwa ajili yake. Isipokuwa, bila shaka, fedha ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, maana hilo ni jambo jingine na lina sheria yake.

Kosa la pili ni dharau, nalo ni baya zaidi. Mtu hupokea hati ya kuitwa mahakamani akaitia chini ya godoro. Asipojibu katika siku zilizoandikwa katika hati, mahakama yaweza kumhukumu bila ya kumsikia, na baada ya hapo huja madalali. Hukumu hiyo yaweza kuondolewa kwa sababu nzuri, lakini kwa gharama na kwa taabu. Na tangu kanuni zilipogeuzwa mwaka 2020, hati ya kuitwa yaweza kuletwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo wazee wasiosoma simu zao wawaombe wajukuu wawasomee, hata zile jumbe zisizo za salamu.

Dai la kiasi hiki laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, kisha ikaenea miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mtu aweza kusimama mwenyewe bila ya wakili, na mwamuzi wake hafungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi. Sheria yataka hukumu itolewe katika siku 60 tangu dai kufunguliwa, na rufani huenda Mahakama Kuu kwa jambo la sheria tu, si la ukweli wa mambo. Hayo ni mazuri, lakini yana makali yake: aliyezoea kesi za kuahirishwa mwaka hata mwaka atashangaa. Mashahidi wako na wawe tayari tangu siku ya kwanza, kwa sababu habari ambayo mwamuzi hakuisikia hapo, hutapata nafasi ya kuisimulia Mahakama Kuu.

Turudi kwenye mpaka, ambao ndio kiini cha ugomvi. Kaka asemapo, "Maadamu hulipi, nitakata sehemu yako ya shamba la baba," anachanganya mambo mawili. Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 42, yasema kwamba kama marehemu mwenyewe alimpa mtoto wake mali wakati wa uhai wake, mali hiyo huhesabiwa katika kugawa urithi pasipokuwa na wasia. Hilo ni haki: mwana aliyenunuliwa shamba na baba asije akagawiwa sawa na aliyebaki mikono mitupu. Lakini kifungu hicho kinahusu alichotoa marehemu, si alichotoa ndugu. Ng'ombe wa mwaka 2018 alitoka kwa kaka, hakutoka kwa baba. Shamba la baba na ligawiwe kwa njia ya urithi, na deni la paa lizungumzwe mahali pake. Ndugu wakipatana wenyewe kwa hiari kufidia deni kwa ardhi, hiyo ni hiari yao, nayo iandikwe, asilazimishwe mtu.

Hatutaki mdhani kwamba tumekuja kuwafundisha wapokeaji namna ya kuwakimbia watoaji. Yako mambo ambayo mdai ana haki kamili, hata pasipokuwa na neno mkopo. Katika miaka ya 1970, kampuni za kununua mashamba kama Ngwataniro zilipouza hisa, ndugu wawili au watatu waliweza kuchanga fedha, hisa ikaandikwa jina la mmoja. Yule wa pili hakutoa zawadi. Alitia amana. Watoto wake wakija leo kudai sehemu ya ardhi, msiwajibu kwamba "baba yenu alimsaidia kaka yake tu". Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2018 ilikubali kwamba amana ya kimila yaweza kusimama juu ya ardhi iliyoandikishwa kwa jina la mtu mmoja, mradi ithibitishwe.

Kadhalika mzee mgonjwa. Sheria ya Urithi inaitambua zawadi itolewayo na mtu aliye katika hatari ya kufa. Akipona, hawezi kusemwa kwamba alikwisha kutoa, na hata kabla ya kufa aweza kuitaka irudi. Na pale ambapo bibi kizee amempa mtunzaji wake akiba yake yote ya benki, mahakama hutazama kwa jicho kali kama alitoa kwa moyo wake au alisukumwa. Mtunzaji wa namna hiyo akija kwetu kuomba msaada wa kukana dai, tutamsikiliza, lakini hatutaanza upande wake.

Imebaki kazi ya wazee. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, imeziagiza mahakama zikuze upatanishi, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza magomvi, mradi njia hizo zisivunje haki za mtu wala kupingana na haki na maadili. Kwa hiyo baraza la wazee si mchezo wa zamani, bali lina mahali pake katika sheria kuu ya nchi. Wakipatana ndugu mbele ya wazee, mapatano yaandikwe siku hiyo hiyo, yasomwe kwa sauti katika lugha wanayoielewa wote, watie sahihi, na mashahidi watie sahihi. Kama shauri liko mahakamani tayari, mapatano yapelekwe huko yaandikwe kuwa amri. Tumeona mapatano mazuri yakifa kwa sababu yalibaki katika vichwa vya wazee watatu, na wawili wakafariki.

Katika mfano wetu, tungewashauri wazee waanze na mpaka. Mpima ardhi aitwe, gharama igawanywe nusu kwa nusu, vigingi viwekwe mbele ya ndugu wote wawili, kaka akiwa hapo mwenyewe au kwa simu ya picha. Baada ya hapo ndipo waulizwe juu ya fedha. Huenda karo na ng'ombe visitajwe tena kabisa. Paa litatajwa, na lilipwe kwa mavuno: tuseme shilingi 25,000 kila msimu wa viazi, misimu miwili kwa mwaka, kwa miaka mitano. Kaka huenda akasamehe sehemu. Akisamehe, naye aandike kwamba amesamehe, ili jambo hili lisirudi kwa watoto wao mwaka 2040.

Halmashauri yaleta pendekezo moja mbele ya mkutano huu. Mwandishi wa chama awe na daftari lenye kurasa za aina mbili, za zawadi na za mkopo. Mwanachama atoaye au apokeaye fedha kutoka kwa jamaa, akipenda, aje na mwenzake au na ujumbe wake wa simu, iandikwe siku, kiasi, sababu, na neno moja kati ya hayo mawili. Kama ni mkopo, siku ya kurudisha nayo iandikwe. Hatalazimishwa mtu, na daftari halitafunguliwa ila kwa wenye jambo lao au kwa amri ya mahakama. Wako waliosema katika kikao cha Halmashauri kwamba kumwandikisha ndugu ni kumtukana. Tuliwajibu kwamba akina mama wamekuwa wakiandika matega miaka yote hii, wala hatujasikia harusi iliyovunjika kwa sababu ya daftari.

Gharama ni ya daftari lenyewe na kabati yenye kufuli. Bwana Mwenyekiti atawaulizeni kura baada ya maswali.